Mtoto wa Kangemi na mpaka wa Busia

MSOMAJI, kama unaishi Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo, bila shaka unawajua. Saa kumi na moja alfajiri wamejipanga kando ya barabara ya Waiyaki, mifuko mikubwa ya miraba miguuni, mikate na sukari ndani, wakinyoosha shingo kutazama upande wa Westlands kama basi linakuja. Pengine wewe mwenyewe ni mmoja wao. Hawa ndio wasafiri wa magharibi, na si wote wanaokomea Kakamega au Siaya. Wengi wana shangazi, mjomba au wakwe ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, na wanakwenda huko kwa mazoea yale yale ya kwenda Bungoma.

Mazoea hayo nusura yanifanye nimkoseshe mtoto mazishi ya bibi yake. Nitakusimulia, na ninapopita nitakupa yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka wa 2023. Shangazi yetu, aliyeolewa Busoga zaidi ya miaka arobaini iliyotangulia, alifariki kijijini nje ya mji wa Iganga. Dada yangu, anayeishi Kangemi na kufanya kazi ya kuajiriwa Westlands, hakupata ruhusa. Lakini mwanawe wa kiume, mwenye miaka kumi na mmoja, alikataa katakata kubaki. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa wa mwaka mmoja hadi alipotimiza mitano, mamake alipokuwa akihangaika na kazi hapa mjini. Alimwita Jjajja, kama wanavyoitwa bibi huko. Alitaka kutupa mchanga kaburini kwa mkono wake.

Basi nikasema nitamchukua. Mazishi yalikuwa Jumamosi saa nane mchana. Tuliondoka Ijumaa alfajiri, tukiwa na matumaini ya kukesha matangani usiku huo.

NJIA NI NYINGI

Ukitaka kwenda Uganda kwa barabara kutoka Nairobi, una namna mbili. Ya kwanza ni kushuka mjini, katika zile ofisi za mabasi zilizosongamana pande za River Road na Accra Road, ukakate tikiti ya basi la moja kwa moja hadi Kampala. Safari ni ya kilomita 650 hivi. Mengi ya mabasi hayo hutoka jioni na kuingia Kampala asubuhi. Unalala, unaamshwa mpakani, unashuka, unapigiwa muhuri, unapanda tena.

Ya pili ni kuunga: basi, kisha matatu, kisha bodaboda, kisha miguu, kisha matatu tena, ambayo huko ng'ambo huitwa takisi. Wakazi wa upande wetu wa magharibi mwa jiji huipenda hii kwa sababu moja kubwa. Mabasi yote ya magharibi hupitia mlangoni mwetu. Kwa nini mtu wa Kawangware apande nambari 46 hadi katikati ya jiji, akwame kwenye msongamano, alipe nauli ya kwenda, kisha arudishwe na basi kupitia Kangemi?

Hoja hiyo ni nzuri, ila ina mtego wake. Mjini unapewa risiti yenye jina lako na mahali unakoshukia. Barabarani unapewa neno la makanga. Mimi nilisimamisha basi pale Kangemi, nikauliza kama linafika Busia, nikaambiwa, "Ingia mama, Busia ndani!" Nikalipa nauli ya Busia kwa watu wawili bila kipande cha karatasi. Tulipofika Kisumu saa saba mchana, tukaambiwa sote tushuke, gari limefika mwisho. Makanga aliyepokea pesa zangu alikuwa ameshukia njiani, sijui wapi. Sitalitaja basi hilo. Ila wewe, hata ukipandia barabarani, dai risiti kabla pesa hazijatoka mkononi, na iandikwe unakokwenda.

UGANDA ILIPOANZIA NAIVASHA

Turudi nyuma kidogo, maana kuna jambo ambalo lilimfurahisha sana yule mtoto. Tulipokuwa tukiteremka bondeni, ziwa Naivasha likionekana kwa mbali chini ya ukungu, aliniuliza kama Uganda bado ni mbali. Nikamwambia kwamba angalipita hapo mwaka wa 1901, angalikuwa tayari anaingia Uganda.

Hukunisikia vibaya, msomaji. Hadi mwaka wa 1902 eneo lote la kutoka Naivasha kuelekea magharibi, pamoja na Kisumu, lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa kweli imefika Uganda, na ndiyo maana iliitwa Reli ya Uganda ingawa leo karibu yote unayoiona imo Kenya. Waingereza waliona ni usumbufu kwa reli moja kusimamiwa na serikali mbili, wakausogeza mpaka Aprili 1902. Kwa kalamu tu. Watu waliokuwa wakioana na kuzikana, Wasamia, Wateso na wengineo, wakajikuta hawa huku na wale kule.

Baada ya Nakuru barabara hupanda hadi Mau Summit, na hapo hugawanyika. Ukishika kulia unakwenda Eldoret na mpaka wa Malaba. Ukishika kushoto unakwenda Kericho, Kisumu na mpaka wa Busia. Ikiwa unakokwenda ni Mbale au Soroti, Malaba ni bora. Ikiwa ni Iganga, Jinja au Kampala, yote mawili yatakufikisha, ila kwa anayeunga magari Busia ni rahisi zaidi kwa sababu miji miwili, ya Kenya na ya Uganda, imegusana kabisa.

Sisi tulishika kushoto. Pale makutano ya Londiani basi lilipunguza mwendo, nami nikanunua mahindi ya kuchemsha dirishani kwa mama mmoja mwenye kofia ya sufi. Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Juni, lori liliacha njia mahali hapo hapo likawaparamia wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu hamsini wakafa. Sijawahi kujua kama yule mama alikuwapo siku hiyo. Siwezi kukupa ushauri wowote wa kuizuia ajali ya namna hiyo, isipokuwa mmoja: safiri mchana ikiwa unaweza, hasa ukiwa na watoto.

Kutoka Kisumu tulipanda matatu ya Busia. Ni kilomita mia moja na ushei. Maseno unavuka ikweta, na mtoto alibandika uso kwenye kioo akitaka kuuona mstari. Hakuna mstari, kuna alama tu kando ya barabara, akavunjika moyo. Halafu Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, kila mahali abiria mmoja akishuka na wawili wakiingia. Utajua umekaribia Busia utakapoona malori yamepanga foleni, madereva wakipika chai chini ya trela.

BODA KWA BODA

Ukishuka tu, vijana wa pikipiki watakuzingira kama nyuki. Usiogope, uko nyumbani kwa bodaboda. Zamani, kabla ya pikipiki, vijana wa hapa walikuwa na baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, wakiwabeba wasafiri na mizigo kutoka kituo cha mpaka wa Kenya hadi cha Uganda, wakiita kwa Kiingereza cha kutafuna: boda! boda! Jina likasafiri kuliko baiskeli zenyewe. Leo yule anayekubeba kutoka Kangemi hadi Mountain View analitumia bila kukumbuka mpaka wowote.

Siku hizi huhitaji sana kubebwa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na utaratibu wake huwachanganya wageni. Ukitoka Kenya, hupigiwi muhuri upande wa Kenya. Unatembea moja kwa moja hadi jengo lililo upande wa Uganda, na humo ndani unamkuta afisa wa Kenya wa kukutoa na afisa wa Uganda wa kukupokea, wote chini ya paa moja. Ukirudi, mambo hayo yote hufanyiwa upande wa Kenya. Mwenye stakabadhi kamili humaliza kwa dakika chache.

Na stakabadhi zenyewe si nyingi. Tangu mwaka wa 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda anaweza kuingia katika mojawapo ya nchi hizo kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti. Tanzania haikuwa katika mpango huo, kwa hiyo anayekwenda Arusha kupitia Namanga abebe pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria. Beba pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Huenda ukaulizwa, huenda usiulizwe, lakini chanjo yenyewe huhitaji siku kumi kabla haijahesabiwa kuwa inafanya kazi, kwa hiyo si kitu cha kutafuta siku ya safari. Ukishachanjwa mara moja inatosha maisha yako yote.

Kitambulisho changu kilikuwa mkononi. Kadi ya manjano ilikuwa mkobani. Nikakifikia kidirisha nikiwa na kifua mbele.

"Na huyu?" afisa wa Kenya akauliza.

"Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu."

"Stakabadhi zake?"

Nikatoa kadi ya shule. Afisa akaitazama, akaigeuza nyuma, akanirudishia taratibu.

HANA KITAMBULISHO

Hapa ndipo nataka utulie usome, wewe mzazi. Mpango wa kitambulisho ni wa watu wazima. Mtoto hana kitambulisho. Anahitaji pasipoti au kibali cha muda, na ili apate kibali lazima kiwepo cheti cha kuzaliwa. Asiposafiri na mzazi wake, itahitajika idhini ya mzazi huyo. Nilikuwa mwandishi wa magazeti kwa zaidi ya miaka kumi na sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja, kwa sababu katika familia yetu watoto wamekuwa wakivuka Busia kama wanavyovuka barabara. Mtoto huyu mwenyewe alipelekwa kwa shangazi akiwa amepakatwa kwenye baiskeli, na hakuna aliyemuuliza jina.

Nilitoka nje nimechanganyikiwa. Kijana mmoja wa pikipiki akanisogelea. Alikuwa ameona kila kitu kupitia kioo. Akaniambia kwa upole, kama anayemhurumia dada yake, kwamba mimi nipite na kitambulisho changu, naye atamzungusha mtoto kwa njia ya panya nyuma ya nyumba zile, tukutane steji ya takisi baada ya dakika kumi. Shilingi mia mbili tu. "Mbona kila mtu hufanya hivyo," akasema.

Nami nitakuwa mkweli. Nilihesabu. Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Nikikubali, saa mbili usiku tungekuwa matangani. Nikikataa, pengine tungerudi Nairobi. Mtoto alikuwa akinitazama, na nilijua ameelewa.

Kilichonizuia si ushujaa. Ni kwamba nilijaribu kupiga picha ya pikipiki ile ikipotelea kwenye kichochoro na mtoto wa dada yangu mgongoni, nami niko upande wa pili nisijue jina la dereva. Watoto hupotea mipakani kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu afisa alikuwa akiuliza maswali. Nikamwambia kijana asante, hapana.

Nikarudi kidirishani na kuuliza: nifanye nini? Hili nalo nakushauri. Usibishane, usilie, wala usitoe noti. Uliza tu unahitajika ulete nini.

Nilihitaji cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama, barua yake ya idhini, na picha mbili za mtoto. Nikampigia dada yangu. Alikuwa bado kazini. Cheti kilikuwa nyumbani Kangemi, ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda, na ufunguo alikuwa nao yeye. Ilikuwa Ijumaa jioni, na wewe unajua barabara ya Waiyaki ilivyo Ijumaa jioni. Barabara ya juu kwa juu, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, huishia pale James Gichuru, na kutoka hapo kwenda Kangemi magari hukaa kama yamegandishwa. Dada yangu aliacha matatu, akatembea.

Sisi tulitafuta studio ya picha upande wa Kenya. Mtoto alipigwa picha akiwa amenuna. Saa moja unusu, picha ya cheti ikaingia kwenye simu yangu. Kisha kitambulisho. Kisha barua iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mistari mitatu, sahihi na nambari ya simu. Afisa alizisoma zote, akachukua simu yake mwenyewe, akampigia dada yangu na kumuuliza mtoto ana alama gani mwilini. Kovu la goti la kushoto, akajibu. Mtoto akaambiwa akunje suruali. Lilikuwapo.

Kibali kilitoka saa tatu kasoro.

NOTI ILIYOKUNJWA

Ukishapita, msomaji, jasho likiwa bado halijakauka, hapo ndipo wabadilishaji pesa wa barabarani hukungoja. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikienda kwa 27 na nusu za Uganda siku hiyo. Nilitoa 5,000, nikastahili 137,500. Kijana akahesabu mbele yangu: noti sita za elfu ishirini, moja ya elfu kumi, moja ya elfu tano, moja ya elfu mbili, na sarafu ya mia tano. Nikaridhika. Chumbani nikakuta noti za elfu ishirini ni tano. Moja ilikuwa imekunjwa katikati, ikahesabiwa ncha zote mbili. Zaidi ya shilingi mia saba za Kenya zilikwenda hivyo.

Badilisha katika duka lenye dirisha na kibao, au benki. Ukilazimika kubadilisha barabarani, badilisha kidogo tu cha nauli, chukua noti zote mkononi mwako uzihesabu moja moja zikiwa zimenyooshwa, kabla hujatoa zako.

Nimesema chumbani, kwa maana hatukuendelea usiku huo. Takisi zilikuwapo, lakini barabara ya Busia hadi Iganga ni ya malori usiku, nami sikutaka kutafuta bodaboda ya kijijini usiku wa manane na mtoto. Tulilala katika nyumba ya wageni Busia ya Uganda. Mkesha ukatupita.

Asubuhi saa kumi na mbili tuliingia takisi, zile nyeupe zenye mistari ya bluu, ambazo zikijaa ndipo zinaondoka na si kabla. Bugiri, kisha Iganga. Kutoka Iganga bodaboda mbili, moja ya kwangu na mtoto, moja ya mfuko wetu wa mikate na sukari. Tulifika saa nne. Wanawake walikuwa wakimenya matoke chini ya mwembe. Waliposikia mtoto ni nani, walimpeleka moja kwa moja ndani alikolazwa shangazi, nami nikabaki mlangoni. Alikaa humo muda mrefu. Saa nane alitupa mchanga wake kama alivyotaka.

Tulirudi Jumatatu. Mara hii nilikata tikiti ya basi la moja kwa moja, yenye risiti. Mpakani abiria mmoja, mzee wa watu, alikuwa na kasoro katika stakabadhi zake. Basi lilimngojea nusu saa, kisha dereva akapiga honi, mfuko wake ukateremshwa, tukaenda. Nikawaza kwamba kama Ijumaa ile tungalikuwa ndani ya basi la namna hiyo, tungaliachwa vivyo hivyo. Anayeunga magari angalau hana wa kumkimbia.

Dada yangu alikuwa akitungoja usiku kando ya daraja la Kangemi, leso mabegani. Alimkumbatia mwanawe, kisha akamnyoshea mkono.

"Lete hicho kibali nikiweke kwenye sanduku."

Mtoto akakataa. Alikuwa amekitia ndani ya kitabu chake cha jiografia, ukurasa wenye ramani ya Uganda, naye akasema kitakaa hapo hapo.